Majalada ya Kandambili

Jumatatu, 9 Machi 1987
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Nimekuna nazi. Nikipanguza vumbi nikafungua sanduku la michezo ya video ya kaka Nasri, aliyorudi nayo kutoka Maskati. Kaseti zipo zote. Majalada matatu hayapo. Yamebaki yale ya Kiingereza kitupu.

Nyanya ndiye aliyeyatoa. Kasema bila kusita: yana herufi za Kiarabu, na watoto wa jirani walikuwa wakiyakalia. Kayazika uani chini ya mkilifi, kama anavyozika kurasa za juzuu za Kurani zilizochakaa. Nimefukua. Mchwa wameshamaliza.

Nasri anakuja Ijumaa kuchukua sanduku lake.

Jumanne, 10 Machi
Tangu Nyanya atie chumvi kwenye chai ya Idi, Nasri ana neno moja tu: akili inamtoka, ahamie kwake Mombasa. Ghorofa ya nne. Nyanya hawezi ngazi. Akipanda, hatashuka mpaka abebwe. Na tangu Baba afariki, asemalo Nasri ndilo liwalo. Akisikia habari ya kuzika michezo ya video, basi.

Namwogopea Nyanya. Najiogopea na mimi, peke yangu katika nyumba hii.

Jumatano, 11 Machi
Mashine ya michezo ilikuja na karatasi ya matangazo. Majalada yote yamo, madogo kama stempu. Nimeyakuza kwa rula na miraba. Wino mweusi nimeomba shuleni, ule wa kuchapia mitihani. Nyekundu na zambarau ni rangi ya ukili, ile Nyanya anayotilia mikeka yake. Chapa nimeichonga kwa wembe kwenye soli ya kandambili kuukuu.

Herufi huchongwa kinyume. Ajabu kuona maandishi ya chuo cha Kurani yakianzia kushoto.

Mengi yameharibika. Kisha yakatoka matatu safi. Nimeyasugua kwa mshumaa, yang'aa kama ya dukani. Ni udanganyifu. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Alhamisi, 12 Machi
Nyanya amenikuta. Majalada hakuyatazama. Alitazama soli.

"Herufi hizi wazitia kwenye kiatu?"

Nikamwambia ni mchezo tu, imeandikwa "Ruka ukuta".

"Na hiyo ruka ukuta imeandikwa kwa herufi gani?"

Nikamwomba asimwambie Nasri. Hakuitika, hakukataa. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 13 Machi
Nasri kafika baada ya swala. Shikamoo, marahaba, pilau. Akafungua sanduku, akashika jalada, akaligeuzageuza. Joto lilikuwa kali. Kidole gumba chake kikawa cha zambarau.

Rangi ya ukili hushika ikichemshwa. Mimi niliipaka baridi. Kosa la mwanamke asiyejua kusuka mkeka.

Kabla sijafungua mdomo, Nyanya akasema: "Hayo kayachapa huyu. Yako nimeyazika mimi, pale chini ya mkilifi. Watoto walikuwa wayakalia."

"Nyanya, ni michezo ya video."

"Najua ni michezo. Mwenye kuyaacha yakaliwe ni nani, mimi?"

Nasri akalirudisha jalada sandukuni. Kisha, polepole: "Na ile chai ya Idi?"

"Mkebe wa chumvi na wa sukari yafanana. Uliyeninunulia ni wewe."

Nasri akaangalia kidole chake. Akaomba sabuni.

Jumapili, 15 Machi
Nasri aliondoka jana. Ghorofa hakuitaja. Majalada yangu kayachukua, kila moja kalifunga kwa gazeti ili rangi isitoke. Nyanya kabaki.

Leo Nyanya aliiomba soli. Akaiosha, akaifunga kwa kitambaa cheupe. Nikachimba pale pale chini ya mkilifi. Alipoinama kuiweka alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Baadaye akateleka maji ya rangi. Akaniita nikae karibu na jiko nione yanavyotokota.