Namba Nzuri za Jumatatu

Alhamisi, jioni. Wingu zito limesimama upande wa ziwa tangu mchana na halinyeshi. Hewa haitembei. Nimefika nyumbani hapa Mabatini, nimevua viatu, na bado sijala. Naandika kwanza, maana nikishiba nitapata sababu ya kutoandika.

Nimedanganya, na leo nusura mtoto afe.

Nianze na Jumatatu. Hospitali yetu pale Mirongo ni ndogo, mali ya familia moja ya Kihindi iliyokaa mjini hapa tangu enzi za mababu, na mimi ndiye mtu wao wa kompyuta. Mkurugenzi, Mama Hansa, alitaka kujua kama seva yetu ya zamani itaweza kubeba taarifa za wagonjwa wote, zilizokwisha kuchapwa kwenye kompyuta, ili makaratasi yaondolewe masjala. Nikafungua lile dirisha jeusi ambalo wenzangu ofisini huliogopa, nikaandika amri ya mstari mmoja ya kupima kasi ya diski, nikangoja nusu dakika. Jibu likatoka: megabaiti mia tisa kwa sekunde. Nikalichapa, nikalipeleka. Mama Hansa akanisifu mbele ya wafanyakazi wote na mimi, niseme ukweli, nikavimba kichwa.

Jumanne asubuhi, nikinywa chai, ndipo nikajiuliza diski kuukuu kama ile imeipata wapi kasi hiyo.

Kosa lilikuwa la kitoto. Diski ilikuwa imejaa karibu yote, kwa hiyo niliiambia programu itengeneze faili dogo la majaribio. Faili dogo seva hulishika lote kwenye memori, kumbukumbu yake ya muda, wala haisumbuki kwenda kulisoma kwenye diski. Ni sawa na kumtajia mtu jina, kumuuliza jina hilohilo papo hapo, halafu ukamsifu kwamba hasahau. Nikafuta takataka zilizokuwa zimejaa humo, nikapata nafasi, nikarudia kipimo kwa faili kubwa kuliko memori, likisomwa huku na kule jinsi madaktari wanavyofungua taarifa za wagonjwa.

Megabaiti mia tisa zikawa nne.

Sikumwambia mtu. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Ningeweza kusema hapa kwamba nilitaka kwanza kuhakikisha, na kweli nilirudia kipimo kile mara nyingi tu, nikitumaini namba itanionea huruma. Lakini nilishahakikisha mara ya kwanza. Niliona aibu, basi.

Leo yakawa majaribio ya hospitali nzima, kila idara ikifungua mfumo kwa wakati mmoja. Nilikuwa wodi ya watoto alipoletwa mtoto wa kiume kutoka Buzuruga, anahema kwa shida, mbavu zinaonekana. Aliyemleta ni shangazi yake. Mama mtu amesafiri, na shangazi hakujua historia yoyote ya mtoto. Muuguzi akaandika jina kwenye kompyuta. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Nilisimama nyuma ya kiti chake nikikitazama kiduara. Daktari akauliza kama mtoto ana dawa inayomdhuru. Muuguzi akasema mashine bado inatafuta. Daktari akangoja, akauliza tena, kisha akasema mtoto huyu hawezi kuisubiri mashine, akavuta penisilini kwenye sindano. Nilijua kwa nini kiduara kinazunguka. Nikaendelea kukitazama tu.

Aliyeingia ni Mzee Luhende wa masjala. Yeye hapangi mafaili kwa namba. Huyapanga kwa mtaa, halafu kwa jina la mama, na miaka yote tumekuwa tukimtania kwa hilo. Alikuwa amemsikia shangazi akijieleza mapokezi, akaenda rafu ya Buzuruga bila kutumwa. Alishika faili la kahawia lenye mstari mwekundu wa tahadhari juu.

“Huyu penisilini hapana, daktari,” alisema. “Mwaka jana ilimvimbisha koo, tukakaribia kumpoteza.”

Daktari akaiweka sindano chini. Mtoto akapewa dawa nyingine, na nilipoondoka alikuwa anapumua vizuri. Mama Hansa alipofika wodini akasema kila kitu kipya huanza kwa kusuasua, akanitazama nithibitishe. Nikaitikia kwa kichwa.

Saa tisa Mzee Luhende akaja chumbani kwangu. Leo ndiyo amestaafu. Nikamwamkia, akaitika, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

“Mwanangu, wewe ndiye uliyeipima,” alisema. “Inatosha?”

Tulikuwa wawili tu. Nafasi nzuri kuliko ile sitaipata tena maishani.

“Inatosha, mzee.”

Akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema basi anaenda kwao Magu bila wasiwasi. Najichukia ninapoandika hivi.

Njiani siri ikanishinda. Nikasimama kando ya barabara, nikampigia Mama Hansa, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema lori la kuhamisha makaratasi ya masjala limekuja leo badala ya kesho. Wapakiaji wameshusha rafu zote na kujaza mafaili kwenye magunia, yamelala ghalani. Nikauliza kama walifuata mpangilio. Akasema mpangilio aliujua Luhende peke yake. Diski mpya itatoka Dar wiki ijayo, na hospitali haiwezi kufungwa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba saa mbili asubuhi tunaanza kazi kwa mfumo uleule, kisha akakata simu.

Alfajiri nitampigia Mzee Luhende nimwambie kwamba nilimdanganya, nimwombe arudi atusaidie na yale magunia. Sijui atanijibu nini. Nimenunua daftari, nitakaa mlango wa wodi nimuulize kila anayeleta mtoto, mmoja mmoja, ni dawa gani inayomdhuru. Na wale watakaoletwa na shangazi, na jirani, na dada wa kazi?

Wakati huu ninapoandika, mahali fulani mjini humu, kuna mama anamgusa mwanawe paji la uso na kujiambia kwamba kukicha atamleta kwetu.