Macho ya Doria

Jumatatu, 5 Mei
Nimewasha moto, nimemmiminia mbwa wetu Doria ugali wake wa jana na mchuzi. Hakuja. Nilipomwita alikuja mbio, akajigonga kwenye kinu. Mara ya tatu ndani ya wiki moja. Macho yamekuwa meupe kama tui. Naogopa.

Jumatano, 7 Mei
Kibiti mjini kwa bodaboda, mbwa ndani ya kiroba, kichwa nje. Bwana mifugo alimmulika na tochi. Haoni kabisa. Hakuna dawa.

Mume wangu, Shabani, aliuliza swali moja tu: "Mbwa asiyeona atafukuzaje nguruwe shambani?" Anataka kumwita mwenye bunduki ammalize. Nimemwomba asubiri tuvune mpunga kwanza. Nimemchukia. Anasema kweli, ndiyo maana.

Ijumaa, 9 Mei
Leo nilifumba macho nikatembea uani kwangu mwenyewe. Hatua nne, nikashindwa. Miaka kumi na mbili naupita ua huu.

Sihamishi kitu tena. Ndoo pale pale, kinu pale pale. Nikitembea napiga fimbo chini anifuate. Namfundisha neno moja: simama. Akisimama, dagaa mmoja.

Jumanne, 13 Mei
Kazunguka ua mzima bila kujigonga! Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 15 Mei


Nilikuwa shambani navuna. Doria alitoka nyumbani kunifuata kwa harufu, akapotea. Tulimtafuta mimi na Shabani. Shabani ndiye aliyemwona: ndani ya mto, maji yamemfika tumboni, anazidi kwenda kilindini. Mto ule una mamba.

Nilipiga ukelele: "Doria, simama!"

Akasimama. Maji yanamsukuma, anatetemeka, lakini hakusogea hata hatua.

Shabani aliingia. Sikumtuma. Alimtoa kamkumbatia kifuani, mate na tope mwili mzima. Kisha akajiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Hakulalamika. Mimi nalia, yeye akasema tu, "Kumbe anasikia."

Jumapili, 18 Mei
Manyunyu tangu asubuhi. Nguruwe tunawafukuza wenyewe, kwa zamu, kwa kupiga debe. Inachosha. Mwenye bunduki hajatajwa tena.

Doria kalala jikoni, masikio yanageuka kila mtu anapopita. Shabani alipoingia kuchukua moto alikohoa kidogo mlangoni. Hana kikohozi. Alitaka mbwa ajue ni nani.

Mkia ukapiga chini mara mbili.