Daftari la Zubeda

Baraka, tarehe 14 Mei

Kwako Yaya Godelieve, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Eugène na watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichopanda nacho Fizi kimekwisha. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie dawa ya kuchua nimeipata hapa sokoni, nitamtumia. Huku mvua bado haijatuacha, na mji mzima unanuka samaki, ndagala zilizokataa kukauka. Mimi ni mzima wa mwili.

Wa moyo siwezi kusema hivyo. Zubeda hajaja darasani kwa siku kumi na moja, na bila wewe sidhani kama atarudi. Ndiyo maana nimeketi kuandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia.

Unalijua darasa langu la mchana, ambalo walimu wenzangu wanaliita darasa la mikono mizito. Ni watoto tisa. Kule Bukavu nilikosomea ualimu tulifundishwa majina ya Kifaransa, dyslexie na dysgraphie. Wazazi wa hapa nawaambia tu kwamba mtoto ana akili, ila herufi zinamgeukia machoni na mkono haushiki njia. Wengine wananiamini. Wengine wanasema ni uvivu, na kwamba fimbo haijapata mshindani.

Zubeda ana miaka kumi, ni binti wa Yunusu anayeshona nyavu. Aliletwa kwangu akiwa amerudia mwaka wa pili mara mbili, na alikuwa akikaa juu ya mkono wake wa kuume ili mtu asimwambie aandike. Tulianza kwenye sinia la mchanga uliolowa, kidole tu, bila kalamu. Kisha tukaandika hewani, bega zima likifanya kazi. Alipofika kwenye karatasi akawa anapotea, mstari haumzuii. Basi Yunusu akanipa vipande vya uzi wa nyavu, nikavibandika juu ya mistari ya daftari kwa uji wa muhogo, ili mkono usikie ukingo mahali ambapo jicho halisaidii. Toka Oktoba hadi Machi tulipata ukurasa mmoja: jina lake, na chini yake, Baba anashona wavu. Herufi zilikuwa nene kama maharagwe, nyingine zimelala. Yunusu alilizungusha daftari lile ufukweni kutwa. Wenzake walimtania kwamba kwa kuwa sasa amepata sekretere wa kumwandikia, aanze kuvaa viatu.

Halafu ikatangazwa kwamba inspekta wa shule anakuja, na kwamba akiliona darasa halina matunda, chumba kitapewa wengine. Ilikuwa ile wiki uliyokuja kwa harusi ya binamu yetu Vanessa. Nilikueleza hofu yangu tukichambua majani ya sombe, unakumbuka. Uliniambia nisihangaike, Mungu atafanya njia.

Siku ya inspekta, Mkurugenzi wa shule, Darius, aligawa madaftari mwenyewe. Yalikuwa mapya, na majina ya watoto wangu juu ya majalada. Inspekta alifungua la Zubeda, akakuta kurasa kumi na mbili za mwandiko mzuri kama wa cheti cha ubatizo. Akamsifu. Zubeda alilitazama lile daftari kwa muda mrefu, akapapasa mistari kwa kidole akitafuta uzi, kisha akasema polepole kwamba si lake: "Hii haiko kaye yangu." Watoto waliokuwa wakichungulia madirishani wakacheka. Mkurugenzi akasema mtoto ana haya mbele ya wageni. Inspekta akasonga mbele, na darasa langu likapona.

Yaya, sikuhitaji kuambiwa. Ile mikia mirefu ya herufi inayoshuka na kujikunja uliyofundishwa na masista, ningeitambua hata gizani. Nilipomkabili, mkurugenzi hakukana. Alisema alikuomba uyaandike, ukakubali mara moja, kwa ajili yangu. Alinishangaa kwamba nalalamika. "Yaya yako alikuokoa, na we unakasirika?"

Najua ulifanya kwa kunipenda. Hicho ndicho kinachoniuma. Kule Fizi pia ulinipenda. Tangu mwaka wa kwanza hadi wa nne uliniandikia madaftari wakati wa mapumziko, na mwalimu Marthe akanipa alama zako. Ulipokwenda sekondari niliitwa ubaoni, chaki ikanisaliti mbele ya watu arobaini. Hukuwepo kuona. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka kumi na mitatu, peke yangu, kwa aibu. Ulinipa kila kitu, Yaya, ukaniacha bila mkono. Nilichagua kazi hii ili jambo lile lisimpate mtoto mwingine, nawe umekuja kulifanya ndani ya darasa langu, na kabla ya kupanda pikipiki ukanibusu.

Sasa niseme na langu. Hapo juu nimeandika kwamba inspekta alisonga mbele. Hakusonga mara moja. Alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, hili daftari ni la huyu mtoto?" Zubeda alinitazama. Nilijua ni mwandiko wako. Nikajibu, "Ndiyo, ni lake."

Kesho yake hakuja. Siku ya saba nikaenda kwao. Yunusu hakunipa kiti. "Mwalimu, mutoto anasema mulimufanya muongo mbele ya bantu," alisema, akaendelea na wavu wake. Nikaketi chini kwenye nyavu, nikamwambia Zubeda mbele ya baba yake kwamba yeye alisema kweli na mimi ndiye niliyedanganya. Hakunisamehe, wala sikumwomba aharakishe. Aliuliza swali moja tu: lake liko wapi?

Mkurugenzi anasema ulipewa yale ya zamani uyabebe Fizi, yasionekane hapa. Kama bado unayo, lifunge la Zubeda kwenye plastiki umpe Eddy, anashuka na pikipiki kila Alhamisi. Usilinyooshe, usilisafishe. Kama umeliwashia moto, usinunue jipya. Shuka mwenyewe, uketi mbele yake, umwambie mkono ule ulikuwa wa nani. Mimi nimekwisha kumwambia langu.

Jumatatu nitamwandikia inspekta. Huenda chumba kikaenda, na kazi nayo. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee barua hii. Wabusu watoto. Mvua ikinyesha usipande pikipiki, barabara ya mlimani inateleza.

Mdogo wako,
Rosette