Miezi Mitatu Bila Kukimbia

Doha, Qatar

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikufikie ukiwa umeketi, umekula, na miwani yako iko karibu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, natembea kwa miguu yangu. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ukiona bahasha badala ya simu utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Vipi goti lako, bado linakusumbua asubuhi? Na mikorosho ya kule bondeni imetoa maua mwaka huu, au ugonjwa wa majani umerudi?

Sikupiga simu kwa sababu simu yako unaipokea kwa spika, na kila apitaye njiani anasikia na kuchangia. Habari hizi ni zako kwanza. Amezibeba Rehema, dada wa Songea anayefanya usafi wa vyumba katika hoteli niliyofikia hapa, anakwenda likizo. Tafadhali soma mwenyewe, hata kama ni polepole. Usimpe mtu akusomee.

Unajua jinsi msimu wetu wa Japani ulivyoisha, kwa sababu nilikusikia ukipiga vigelegele. Lakini sikukueleza ulivyokwenda. Ile ni ligi ya pili, Mama, na timu yetu ilikuwa miongoni mwa timu ndogo, ya mji wa milimani ambako mwezi Machi bado tunafagia theluji uwanjani kabla ya mazoezi. Wenzetu walikuwa wakihesabu namna ya kupanda daraja. Sisi tuliomba tusishuke tu. Tukishindwa, tulijipanga mbele ya mashabiki wetu tukainama, nao badala ya kututukana walitupigia makofi. Nakwambia, afadhali matusi. Makofi yale yaliniumiza hadi usiku sipati usingizi.

Kocha wetu, mzee Hoshino, ni mtu wa maneno machache. Nahodha wetu, Tanabe, ndiye niliyecheza naye beki ya kati. Alikuwa akilikata jina langu, akiniita kwa sauti moja tu, "Idi!", na mimi kwa sauti hiyo nilijua kama nisogee, nirudi au niruke.

Mwezi wa Agosti, katika joto la mvuke ambalo hata sisi wa Tunduru hatulijui, nilikuwa nikimkimbiza winga wao. Nikaona nyasi zinanyanyuka kunifuata usoni. Nilipofumbua macho Tanabe amenishika kichwa. Walinipeleka hospitali, wakanipima, wakasema ni joto na upungufu wa maji, na moyo wa mwanamichezo kwa kawaida huwa mkubwa kidogo. Nikapumzika, nikarudi uwanjani.

Siku ya mwisho tulihitaji sare ugenini. Mvua ilikuwa ikinyesha, tumefungana bao moja kwa moja, na wao wakapata kona ya mwisho. Kipa wetu aliteleza. Mpira ukawa unaingia taratibu kama mgeni asiye na haraka, nami nikajitupa nikautoa kwa paji la uso mstarini kabisa. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mzee Hoshino alikaa juu ya boksi la maji akalia mbele ya watu. Hatukushuka, Mama.

Kwa mchezo ule timu moja ya hapa Doha ikanitaka. Ndiyo maana nilikuja. Walinipokea vizuri, wakaniweka hotelini West Bay, kwenye yale majengo marefu niliyokutumia picha. Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya, kisha kutia saini.

Daktari wa moyo ni mama mmoja wa Kisudani, anaitwa Dokta Ilham. Alinilaza, akaniwekea nyaya kifuani, akatazama kwenye kioo cha mashine muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Umewahi kuzimia?"

"Mara moja. Ilikuwa joto."

"Ulikuwa umesimama au unakimbia?"

"Nakimbia."

Akaweka kalamu chini. "Katika familia yenu, kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana?"

Nikajibu hapana. Wala sikuwa namdanganya, Mama. Kwetu Rashidi hakufariki ghafla. Kwetu kaka Rashidi aliuawa. Ndivyo tulivyosema siku zote, na mimi ndivyo nilivyojua.

Dokta Ilham akanieleza kwamba ukuta wa moyo wangu umenenepa. Inaweza kuwa ni mazoezi tu, kama msuli wa mkono wa mpiga nyundo. Inaweza pia kuwa ni ugonjwa, na ugonjwa huo humwangusha mtu akiwa katikati ya mbio, na wengine hawaamki. Njia ya kujua ilikuwa moja. Niache mazoezi yote kwa miezi mitatu, kisha nipimwe tena. Kama ni mazoezi, moyo utapungua. Kama ni ugonjwa, utabaki vilevile.

"Hata kukimbia kidogo asubuhi?" nikamuuliza.

"Hata kulikimbilia basi."

Timu ikasema itasubiri. Mama, sijawahi kuona kazi ngumu kama kukaa. Tangu utoto sijakaa. Usiku nilikuwa nalalia ubavu wa kushoto nasikiliza moyo ukipiga, najiuliza kama huyu ni rafiki au ni mwizi aliyejificha ndani ya nyumba. Ukiruka pigo moja, najikuta nimeketi, jasho linanitoka, na kiyoyozi kinavuma.

Mlinzi wa hotelini, Odhiambo, Mkenya wa Kisumu, ndiye aliyenishika mkono. Siku moja aliniona nimekaa kwenye viti vya mapokezi tangu asubuhi, akaja akasema, "Wewe buda, hayo maua utayaangalia mpaka yakauke? Ijumaa niko off, twende." Ijumaa, ambayo hapa ndiyo siku ya mapumziko na hata makanisa husali, yeye huenda kanisani Mesaimeer, mimi huenda msikitini, halafu tunakutana kituo cha basi. Nilimweleza habari zangu zote.

Ijumaa moja alinipeleka Industrial Area, kwenye makambi ya wafanyakazi. Kuna kiwanja cha vumbi katikati ya karakana, na kila wiki walinzi wanacheza na madereva. Magoli ni mapipa ya mafuta. Siku hiyo beki mmoja wa walinzi hakuja, ameitwa kazini kwa zamu ya ghafla. Wakaniomba. Mimi nikasema nitasimama tu nyuma, sitakimbia.

Unajua mwenyewe. Nilisimama dakika chache. Mara dereva mmoja, Mganda mwenye miguu myepesi, akampita mwenzangu, akaja na mpira peke yake, na miguu yangu haikuniomba ruhusa. Nilikuwa nimeshachomoka. Vumbi linaruka, watu wanapiga kelele, na Mama, nilifurahi! Miezi miwili sikuwa nimefurahi hivyo. Kisha nikahisi kifua kimekaza, kama mtu amenifunga shuka kwa nyuma na anavuta. Macho yakaanza kuona giza pembeni.

Nikaona mtu ameingia uwanjani na viatu vyake vya kanisani, ameudaka mpira kwa mikono.

"Hakuna mchezo!" Odhiambo alipiga kelele. "Idrisa, kaa chini. Kaa chini sasa hivi!"

Madereva wakamzomea. Mmoja akamsukuma. Hakuachia mpira. "Sasa huyu akianguka hapa," akawaambia, "mamake nitamwambia nini mimi? Nyinyi ndio mtamwambia?"

Aliyemsukuma akarudi nyuma. Nilikaa kwenye vumbi, kichwa katikati ya magoti, mpaka pumzi ikarudi. Baadaye tulisogea ukingoni mwa barabara, akaninunulia maji. Alikuwa amenikasirikia.

"Daktari alikuuliza kama kwenu kuna mtu alikufa hivyo," akasema. "Kweli hakuna?"

"Hakuna. Kaka yangu alikufa, lakini yeye alirogwa."

"Alirogwa vipi?"

Nikamsimulia, Mama. Nikamwambia jinsi Rashidi alivyokula ugali na kisamvu kwa Shangazi Somoe mchana ule. Jinsi wingu lilivyofunga, na sisi tulikuwa tumeanika korosho zote uani. Jinsi alivyoondoka kwa shangazi akaja mbio mbio kuziwahi kabla ya mvua, na akaanguka pale karibu na kinu, na kisamvu cha shangazi bado kiko tumboni.

Odhiambo alinitazama. "Alikuwa amekaa, ama alikuwa anakimbia?"

Lilikuwa swali lile lile la daktari, na yeye hakuwepo lilipoulizwa. Barabara ilikuwa imejaa malori, na mimi nilikuwa nauona tena ua wetu, nyayo za Rashidi kwenye korosho.

Jumapili ile nilirudi kwa Dokta Ilham nikamweleza kila kitu. Nikamweleza habari za Baba pia, jinsi alivyolala akiwa mzima, akiwa hajafika hata miaka hamsini, na asubuhi hakuamka. Aliandika, hakunikemea. Alisema hawezi kuapa kuhusu watu ambao hakuwapima. Lakini ugonjwa huu, akasema, hupita kwenye damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mara nyingi ukoo mzima haujui.

Siku ya kipimo cha pili nilisali, nikaenda. Alinipaka yale mafuta ya baridi kifuani, akapima, akarudia, akapima tena. Kisha akazima mashine na kuvuta kiti karibu nami.

"Haujapungua," akasema.

"Labda sikupumzika vizuri. Kuna siku nilikimbia kidogo."

"Siku moja haitoshi kuunenepesha, Idrisa. Umepumzika vya kutosha. Ndiyo maana sasa nina uhakika."

Kwa hiyo nimeacha mpira, Mama. Nimeandika sentensi hiyo, nikaitazama, na bado naona kama ni ya mtu mwingine. Nimepewa dawa za kunywa kila siku. Dokta amesema nikizifuata na nisikimbie, ninaweza kuishi, nikaoa, nikazeeka. Nilimpigia mzee Hoshino kupitia mkalimani wa timu. Nikaeleza yote. Nikauliza, "Kocha anasemaje?" Mkalimani akajibu, "Hasemi kitu. Ameinama mbele ya simu." Baadaye akaniambia nafasi ya kufundisha watoto wa pale klabuni ipo nikiitaka. Bado sijajibu. Kwanza narudi nyumbani.

Lakini kuna mambo mawili hayawezi kunisubiri nifike.

La kwanza ni mdogo wangu Mwajuma. Mwambie aache netiboli leo hii, asikimbie hata kuwahi darasani, mpaka apimwe moyo Dar es Salaam. Atalia, atasema yeye ndiye nahodha wa chuo. Mwache alie. Najua kilio hicho kilivyo, na hakiui.

La pili ndilo gumu, na nakuomba radhi kabla sijalitamka, kwa kuwa mimi ni mtoto na wewe ni mzazi. Shangazi Somoe ni dada yake Baba, tumbo moja. Kama ugonjwa huu ulitoka kwa Baba, basi huenda na yeye anao, na wale watoto wake wawili wanaobeba magunia ghalani wanao. Tulisema aliila nyama ya Rashidi. Vijana wakaezua paa lake, sisi tukiwa ndani tumefunga mlango. Akahamia ng'ambo ya mto, na siku ya maziko ya Baba, kaka yake, alisimama mbali barabarani kwa sababu hakuna aliyemwita karibu. Miaka yote hii hakuna aliyemuuliza hata kama ana chumvi. Nimewaza sana, Mama. Yeye alimpa mtoto wetu chakula siku ya mwisho ya maisha yake, na Rashidi aliondoka pale ameshiba. Hilo tu ndilo alilofanya.

Sikulaumu. Ulikuwa umezika mwana, na mtu mwenye uchungu hushika chochote kilicho karibu. Lakini hawezi kuambiwa habari hizi na mjumbe, wala na mtoto, wala kwa simu. Akisikia kutoka kwa mwingine atadhani ni mtego. Ni wewe tu, Mama.

Nisalimie Babu muadhini, mwambie dua zake zimenifikia. Nisalimie Mwalimu Saidi aliyenifundisha kupiga kichwa, usimweleze yote, mwambie tu nitakuja kumwona. Mama Zena jirani yetu naye msalimie, pamoja na wajukuu zake. Odhiambo naye anakusalimu, anasema siku moja atakuja kula korosho.

Salamu za Shangazi Somoe sizitumi kwa mtu mwingine. Vuka mto umpelekee wewe mwenyewe, Mama. Ukifika usianze kueleza habari za moyo wala za hospitali. Piga hodi kwanza, umwite wifi, kama ulivyokuwa ukimwita zamani, na akikukaribisha chakula, kula.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Idrisa