Injinia wa Indiketa

Mwenzangu, uko?

Si unamjua shemeji yangu, yule mdogo wa mume wangu anayejiita Injinia? Jana kajitia kutengeneza indiketa za lori letu kuukuu. Kashinda chini ya usukani kutwa nzima, katoka kifua mbele: "Shemeji, endesha kwa raha zako."

Leo nimewasha indiketa ya kulia. Ikawaka ya kushoto. Ya kushoto, mwenzangu. Wa pikipiki nyuma yangu akapita kulia, na mimi huku nakata kulia. Nusura nimgonge. Matusi aliyonimwagia siyaandiki hapa.

Nimerudi kumuuliza, ananijibu bila haya: "Basi ukitaka kulia, washa kushoto. Utazoea."

Utazoea. Eti mimi ndiye nizoee.

Nikachungulia chini ya usukani. Kote kaunga vipande vya waya wa aina moja, mweusi wenye vitone vyeupe. Utajuaje upi ni upi? "Umeme hauchagui rangi, shemeji."

Nikaingia ndani nipige pasi sare yangu ya kazi, angalau hasira zipoe.

Mwenzangu, pasi ipo. Ule waya wake wa vitone umekatwa.