Mgongo Wangu Umepewa Likizo

Mgodini, Geita

Mama Kabula, mke wangu,

Mwangaluka, kama mwalimu anakusomea asubuhi. Kama ni jioni, basi mwadila. Na wewe mwalimu, soma yote, usiruke panapokuchekesha. Hamjambo hapo Samuye? Mama anaendeleaje na meno yake mawili? Mimi ni mzima, mzima kupita nilivyotaka, na taabu ilianzia hapo.

Nyapara alininyima ruhusa ya kuja arusi ya Kabula. Akasema, "Anayekwenda kwao kabla ya mkataba kwisha ni mgonjwa tu." Basi nikawa mgonjwa. Nikashika kiuno, nikaenda hospitali ya mgodi nimejikunja kama mundu, naugulia kila hatua.

Daktari wa Kizungu akanilaza ubavu, akanipiga picha ya mifupa. Kesho yake akaitundika mbele ya taa. Mama Kabula, nimeuona mgongo wangu kabla ya kufa! Unalijua lile gegedu linaloteleza, shoka likipita kati ya pingili na pingili za ng'ombe? Sisi nasi tunayo magegedu hayo, ila pichani ni nafasi tu. Akaweka rula: unene wa mbele, unene wa nyuma, upana. Mbele manene, nyuma membamba, mfano wa kabari. Akapima kiuno chote, akaandika, akapima tena, akaguna.

Dresa, msaidizi wake anayemtafsiria, akanigeukia. "Mzee, daktari anasema magegedu haya ni ya kijana. Kwenu nani alikuwa akibeba maji na kuni?"

"Mama Kabula."

"Basi angekuja yeye! Wewe huna ugonjwa, una mke."

Wakacheka wote wawili. Nikaona arusi ndiyo imenipita. Nikasimama wima, nikasema kweli yote: binti ni mmoja, anaolewa mwezi huu. Daktari akaitazama tena picha. Akasema anataka kujua kama magegedu hunenepa mgongo ukipumzika. Niende kwetu wiki mbili, nisibebe chochote, nikirudi apime tena. Akaandika cheti. Nyapara amekisoma mara tatu, mdomo wazi.

Nafika Jumamosi. Nisalimie mama, kaka yangu mchunga ng'ombe, na shangazi yake Kabula mwenye ulimi. Waambie maji nimekatazwa, kuni nimekatazwa. Ngoma daktari hakuitaja. Nikirudi akakuta magegedu yamebonyea, atajua mwenyewe kwamba binti yangu ameolewa.

Mumeo, mwenye mgongo wa kijana,
Baba Kabula