Sindano Iliyomwogopa Mzee Kahangwa

Nyumbani kwa Mzee Kahangwa,
Nshamba, Muleba.
9 Oktoba 2022

Mpendwa kaka Nicholaus,

Habari za Mtwara? Mgongo wako unaendeleaje, na wifi Klaudia, lile jino bado linamsumbua? Sisi tunamshukuru Mungu, mvua zimeanza na migomba inapendeza. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kila nikikupigia simu Tata anaidaka, na haya siwezi kuyasema yeye akisikiliza.

Kaka, nimechoka. Nimechoka na huyu Tata, baba yako, na wewe pia nina hasira nawe kidogo.

Mwaka jana, kama nilivyokueleza, tulichanjwa chanjo ya Uviko pale kanisani baada ya misa. Jirani yetu Vestina, ambaye hajafika hata miaka thelathini, alilala siku mbili kwa homa. Mimi mkono ulivimba nikashindwa kumenya ndizi. Tata, na miaka yake sabini na sita na kisukari juu, hakusikia chochote. Alikwenda kumpa Vestina pole huku anacheka, na tangu siku hiyo Nshamba nzima ikajua kuwa sindano imemwogopa mzee Kahangwa. Nawe ukamwambia kwenye simu kwamba yeye ni chuma. Neno hilo alitembea nalo kila msiba na kila harusi, akikaa katikati ya watu wanaokohoa.

Mwezi wa saba mwaka huu Uviko ukamwangusha. Alilazwa Bukoba siku tisa, akipumua kwa oksijeni, mimi nikilala kwa shangazi Serafina kule Kahororo na kumpelekea uji kila asubuhi. Daktari alitueleza bila haraka. Kukosa homa baada ya sindano si kipimo cha nguvu. Mwili wa mzee hujifunza chanjo polepole na kusahau mapema, na sukari isiyodhibitiwa inauchosha zaidi. Ni kama mbuni mkongwe wa kahawa, unazaa bado, lakini unataka samadi zaidi kuliko mche. Akasema huenda hata kinga ile ndogo ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Akataka apate dozi ya nyongeza baada ya miezi mitatu, na vidonge vya sukari avimeze kila siku, si siku anayojisikia.

Sasa sikia vituko. Kabla hajaugua aliikataa dozi ya nyongeza kwa sababu ana nguvu mno. Tangu atoke hospitali anaikataa kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa maji matupu. Mdomo ni uleule. Nimemsihi, nimemnunia, nimemwitia mpaka katekista. Ng'o.

Juzi nilimpandishia sauti, Mungu anisamehe. Alichukua ungo akaanza kuchambua maharage, kazi ambayo sijawahi kumwona akiigusa. Halafu akasema, "Sabina, kwa hiyo hata sindano imeona kuwa nimezeeka."

Hasira iliniisha, nikabaki na hofu tu.

Alhamisi ya tarehe 20 wachanjaji watakuwa hapa zahanati. Nakuomba umpigie kabla ya siku hiyo. Mimi ananisikia kila siku, ndiyo maana hanisikii. Na usimwambie tena kuwa yeye ni chuma. Mwambie amezeeka, na kwamba bado tunamtaka.

Wasalimie sana wifi Klaudia na mwanenu Gamaliel. Shangazi Serafina anawasalimu wote, na Vestina pia. Mungu awatunze huko, awalete kwetu Noeli mkiwa wazima.

Tata naye anakusalimu. Amenikuta naandika, akaagiza nikuambie kuwa hajambo kabisa, ni chuma. Nimeandika alivyoagiza. Ila kutoka mlangoni hadi kwenye kiti amesimama kupumzika mara mbili.

Dada yako akupendaye, hasira na yote,

Sabina